Ndugu wa Mwezi Mmoja

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimezika wakwe zangu wote wawili, nimezalisha nguruwe gizani bila taa, nalala peke yangu katika nyumba ambayo jirani wa karibu yuko kilima cha pili. Kwa hiyo ukinisikia nasema naogopa, ujue naogopa kweli. Jina langu ni Stamena. Na haya hayakumpata binamu wa mtu wala jirani wa jirani. Yalinipata mimi.

Ilikuwa Jumanne ya Novemba, mwaka sabini na nne. Asubuhi ya kawaida kabisa. Ukungu umelala juu ya mabustani ya plamu, nguruwe wanafukua matunda ya mwaloni chini ya miti, na uani mimi na mama mkwe wangu Bosiljka tumewasha mtambo wa rakija, pombe yetu kali ya plamu. Huku kwetu Shumadija, chini ya mlima Rudnik, ikifika Novemba kila nyumba inapika rakija. Ukikuta uani hakuna moshi, kapige hodi, maana huenda humo ndani kuna maiti.

Shemeji yangu Obren akapita na shoka begani. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu, hajaoa, na utani wake haukuisha.

"Shemeji, sogea mbali na mtambo huo," akaniambia. "Mwanamke akiukumbatia sana atakuja kuzaa mtungi."

"Hebu toka hapa! Mimi mwenyewe mama yangu alishikwa na uchungu akiwa anachochea moto wa mtambo. Akasema ngoja kwanza niipue."

"Ahaa! Ndiyo maana ulimi wako unaunguza. Ulilewa kabla ya kunyonya."

Nikamrushia kijiti cha kuni, kikamkosa. Akaenda zake akicheka, akashika njia ya bonde tunaloliita Zbeg, yaani Mafichoni. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoambiana.

Tangu zamani Zbeg hapakatwi miti. Wazee walikataza, lakini baridi haina adabu, na mialoni ya karibu ilikuwa imekwisha. Zamani nchi yetu yote ilikuwa msitu, hata jina lake ni msitu. Mababu walikuja huku wakikimbia, kila mtu na dhiki yake, wakajificha ndani ya mialoni minene kiasi kwamba askari wa Sultani wakifika ukingoni wanageuza farasi. Vijiji vikichomwa, watu wote huteremka Zbeg na watoto na nguruwe, wanakaa huko majuma na majuma, kimya. Mtoto akilia anazibwa mdomo. Wengine walizibwa wasizibuliwe tena. Waliokufa huko walifukiwa chini ya mizizi, bila padri, bila mshumaa, bila jina.

Saa sita mchana wakamleta Obren juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Mwaloni ulikuwa umemwangukia. Vukoman, jirani yetu aliyemkuta, alisema mti ule Obren alikuwa bado hajaukata nusu.

Mama mkwe hakulia. Alimtazama mwanawe, akamfumba macho, kisha akanigeukia. Uso wake ulikuwa mweupe kama jibini.

"Krsman," akanong'ona. "Mungu wangu, Krsman!"

Krsman ndiye mume wangu. Obren alizaliwa tarehe nne Novemba, Krsman akafuata miaka sita baadaye, tarehe kumi na tisa Novemba. Ndugu wa tumbo moja waliozaliwa mwezi mmoja, kwetu tunasema wamefungwa pamoja. Mmoja akifa, anamvuta mwenzake kabla ya siku arobaini. Dawa ni moja tu. Mguu wa maiti na mguu wa aliye hai hutiwa kwenye pingu moja, yule hai anaangalia pembeni, anaita mara tatu: "Ndugu kwa Mungu, nifungue!" Mtu mwingine anaitika: "Nimekufungua, ndugu yangu." Anafungua kufuli. Tangu hapo huyo ndiye ndugu yake, na maiti anaondoka peke yake. Si mchezo. Undugu huo ni wa kweli kuliko wa damu. Hata watoto wao hawaoani.

Pingu tulikuwa nayo, pingu ya farasi ya chuma, ikining'inia kwenye msumari bandani. Baba mkwe wangu aliiokota Zbeg ujanani mwake, chini ya mwaloni uliong'olewa na dhoruba, pamoja na ufunguo wake. Pete mbili na mnyororo mfupi. Akaisugua kutu, akawa anamfungia jike lake la farasi.

Krsman akafika jioni kwa basi kutoka Kragujevac, alikokuwa akifanya kazi kiwandani. Alimlilia kaka yake hadi sauti ikakauka. Lakini alipoambiwa habari ya pingu akakunja uso.

"Mama, jamani! Mimi ni fundi. Nafunga injini. Nikafungwe mguu mbele ya watu kama farasi?"

"Ukafungwe," mama akasema. "Nimezaa wawili. Nimebaki na mmoja."

"Nifunge tu, mama. Lakini nikicheka mnisamehe."

"Krsman," nikamwambia, "mzaha mzaha hutumbua usaha."

Akanishika kidevu. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa, mtoto bado, na kila mwezi nilikuwa nahesabu siku na kuomba. Nilimpenda. Naomba ulishike hilo, maana ndilo jambo zima.

Mazishi yakawa kesho yake adhuhuri, makaburini juu ya kilima, msitu ukianzia palepale nyuma ya misalaba. Vukoman ndiye aliyechaguliwa kuitika, kwa sababu hakuwa na ndugu na alizaliwa Mei. Wakaweka jeneza wazi kando ya kaburi. Pete moja mguu wa kushoto wa Obren, pete nyingine mguu wa kulia wa Krsman. Krsman akageuza uso kuelekea msituni. Vukoman akasimama nyuma yake na ufunguo mkononi. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo.

"Ndugu kwa Mungu, nifungue!"

Kimya. Hivyo ndivyo ilivyo, mara ya kwanza na ya pili hakuna anayeitika.

"Ndugu kwa Mungu, nifungue!"

"Nimekufungua, ndugu yangu."

Sauti ilitoka mbele, kwenye miti, kabla hata hajaita mara ya tatu. Si nyuma. Ilikuwa sauti ya mwanamume, imekwaruza, kama ya mtu ambaye hajanena siku nyingi. Nilimtazama Vukoman. Mdomo wake ulikuwa wazi, ufunguo bado mkononi, hajausogeza.

Pingu ikafanya *tak*. Ikafunguka yenyewe.

Padri akainamisha kichwa akasoma sala haraka haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Watu wengi walidhani Vukoman ndiye aliyeitika, wakamkumbatia Krsman, wakampongeza. Krsman naye akageuka akamshika Vukoman mkono. "Asante, ndugu." Vukoman akaurudisha mkono wake kama aliyeguswa na moto. Aliniambia mimi tu, kwenye lango: "Stamena, haki ya Mungu, si mimi."

Pingu tukairudisha kwenye msumari. Tukaanza kuhesabu siku.

Juma la kwanza halikuwa na kitu. La pili, adhuhuri moja nikiwa naanua nguo, nikasikia shoka Zbeg. Tak. Tak. Tak. Nikadhani ni jirani anakata kuni. Krsman alikuwa kibarazani, bado yuko likizo ya msiba. Akainua kichwa akatabasamu.

"Ndugu yangu anafanya kazi," akasema.

"Ndugu yako yupi? Obren tumemzika."

"Si Obren."

Nikaangusha kapu la nguo.

Tangu hapo mume wangu akaanza kubadilika. Mguu wa kulia ukawa mzito, akawa anauburuza. Hakurudi kiwandani. Mkate wa mahindi akipewa anaukata vipande viwili sawasawa, kimoja anakitia mfukoni. Adhuhuri anakwenda ukingoni mwa msitu anakaa juu ya kisiki. Nilimfuata siku moja nikajibanza nyuma ya lundo la nyasi kavu. Alikuwa anaongea taratibu, ananyamaza kama anayesikiliza, anaongea tena. Aliporudi mfuko ulikuwa mtupu. Sikuona makombo yoyote, wala ndege.

Nikamwendea mama mkwe. Nilikuwa nalia kwa hasira.

"Mama, ile pingu ni ya nani?"

Akawa anaminyaminya aproni yake. Kisha akasema polepole, "Baba yenu aliniambia siku anakufa. Alipoiokota, pete moja ilikuwa wazi. Nyingine imefungwa. Akaifungua na ufunguo uliokuwa kando yake."

"Halafu?"

"Ndani yake kulikuwa na mfupa wa mguu."

Nikaelewa bila kuelezwa. Kumbe wakati ule wa kujificha kulikuwa na ndugu wawili wa mwezi mmoja. Mmoja akafa. Mwenzake akafungwa naye kwa desturi, akaita, akafunguliwa, akaenda zake. Huenda maadui walikuwa wanakaribia, watu wakakimbia, wakamwacha maiti na chuma mguuni. Hakufunguliwa. Hakuagwa. Miaka zaidi ya mia na hamsini amelala pale bila ndugu. Sasa amepata mmoja.

Nikauliza, "Atamvuta Krsman?"

"Siku ya arobaini," mama akasema. "Ndugu ni ndugu."

Siku ya arobaini iliangukia Desemba, theluji imefika magotini. Tulikuwa tumeamka mapema kuchemsha ngano ya kumkumbuka Obren. Upande wa Krsman kitandani ulikuwa mtupu. Nikakimbia bandani. Msumari ulikuwa mtupu. Ufunguo ulikuwa chini, juu ya majani makavu, nikauokota.

Nikapiga mbio mpaka kwa Vukoman. Alikuwa mlangoni na koti la usiku.

"Njoo umwitikie! Leo, sasa hivi! Wewe ndiye ulichaguliwa!"

"Siwezi, Stamena."

"Atakufa!"

"Kiti kile kimekwisha kukaliwa," akasema, akafunga mlango. Nilimlaani. Alikufa yapata miaka kumi baadaye na sikwenda maziko yake, Mungu anisamehe au asinisamehe.

Nikafuata nyayo. Kulikuwa kumekucha, jua jeupe, kila kitu kinaonekana. Laiti pangekuwa na giza. Kushoto kulikuwa na alama ya kiatu cha Krsman. Katikati, mfereji mmoja uliochimbwa na miguu miwili inayoburuzwa pamoja. Kulia kulikuwa na unyayo mtupu, wa mtu mzima, vidole vitano wazi kabisa. Wawili walikuwa wametembea bega kwa bega, mguu kwa mguu. Nikaendelea kukimbia.

Nilimkuta katika shimo, chini ya mizizi ya mwaloni uliomuua Obren. Amekaa, midomo ya buluu. Pete moja mguuni mwake. Mnyororo ulikuwa umenyooka, umeingia ardhini. Udongo ulikuwa umegandamana juu yake, mgumu, haujachimbwa na mtu.

"Stamena," akasema. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi alinitazama kama mume wangu. "Stamena, naogopa."

Nikaruka ndani. Ufunguo ukaingia, haukuzunguka. Nikaukaza mpaka ngozi ya kidole ikachanika. Mnyororo ukavutwa. Kidogo tu. Mguu wake ukazama mpaka kifundoni.

"Ita!" nikamwambia. "Ita ndugu!"

"Ndugu kwa Mungu, nifungue!"

"Nipo," ikasema ile sauti, chini yetu. Ilifurahi. Hilo ndilo lililonivunja, ile furaha.

Mguu ukazama tena.

Ndipo nikajua. Neno ndugu lilikuwa lake. Krsman akiita hivyo hata mara mia, ataitika yule. Ilibidi aite neno jingine, na mtu aliye hai alikuwa mmoja tu.

"Niite dada," nikanong'ona.

Akanitazama. Alielewa, mwanamume wangu hakuwa mjinga. "Hapana."

"Krsman, niite."

"Nikikuita dada huwi tena mke wangu. Hatutalala kitanda kimoja. Hatutazaa. Mpaka kufa, Stamena! Hapana."

"Nikuzike nikiwa mke, au uishi niwe dada? Niambie upesi!"

Mnyororo ukavutwa. Goti likaingia. Akapiga ukelele, na mimi nikamshika kwapani, tukawa tunalia wote wawili vinywa wazi kama ng'ombe. Nikambusu. Nilijua ndilo busu la mwisho, nikalifanya refu.

Kisha akageuza uso pembeni.

"Dada kwa Mungu, nifungue."

Kimya.

"Dada kwa Mungu, nifungue."

Kimya. Chini, kitu kilikuwa kinapumua.

"Dada kwa Mungu, nifungue!"

"Nimekufungua," nikasema. "Ndugu yangu."

Ufunguo ukazunguka kama uliotiwa mafuta. Nikamtoa, tukatambaa juu ya theluji, tukaacha chuma shimoni. Jioni mama mkwe na mimi tulirudi na punda, tukajaza shimo lile mawe. Ufunguo niliutupa kisimani.

Hakuna aliyetuambia la kufanya. Usiku ule mama, tuliyekwisha kumweleza yote, akatandika kitanda katika chumba cha Obren, na hakututazama machoni. Krsman akaingia humo. Akaishi humo miaka hamsini. Hakuoa tena, wala mimi sikuolewa. Watu walicheka mwanzoni, wakazoea. Mezani alikuwa akisema, "Dada, nipe chumvi." Nampa. Haikupita siku hata moja ambayo neno hilo halikuniuma.

Alikufa mwaka huu, Novemba, usingizini, akiwa na miaka themanini na moja. Tulikuwa katikati ya kupika rakija. Kijiji kimebaki watu tisa, vijana wote wako Belgrade au Ujerumani, kwa hiyo jeneza lilibebwa na trekta. Padri mpya, kijana, akauliza kama kuna desturi yoyote ya kufuata. Nikamwambia hakuna. Ni kweli nilikuwa dada yake kwa Mungu, lakini cheti changu kinasema nilizaliwa Machi.

Baada ya kuzika nikarudi kumalizia kupika. Nikakaa mbele ya mtambo, nachochea moto, nikakumbuka utani wangu na Obren. Mama yangu alishikwa na uchungu akiwa anachochea moto wa mtambo.

Mtambo wa rakija hauwashwi Machi. Machi hakuna plamu.

Baba alinisajili siku aliyokwenda mjini kuuza nguruwe, na karani akaandika tarehe ya siku hiyo. Watu wengi wa rika langu waliandikwa hivyo. Nilikuwa nalijua jambo hilo maisha yangu yote, na sikuliwaza hata mara moja. Mimi ni wa Novemba.

Siku ya ishirini nikaikuta pingu kwenye msumari wake bandani. Bado ina udongo mbichi. Pete moja imefungwa, nyingine iko wazi. Sikuigusa. Nilipiga simu kwa mpwa wangu Belgrade nikamwomba aje aniitikie. Akacheka kwa upole, akasema, "Shangazi, unakula vizuri lakini?" Kisimani nimeshusha sumaku kwa kamba siku tatu mfululizo. Imeleta ndoo kuukuu na misumari.

Tangu juma lililopita kuna anayeniita kila adhuhuri kutoka ukingoni mwa msitu. Ni sauti ya Krsman, ya ujana. "Dada." Ninaziba masikio, nasali, nawasha redio. Nimeweza. Dada ni neno nililolichukia miaka hamsini, haliwezi kunitoa ndani.

Jana hakusema dada. Alisema, "Mke wangu."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nina miaka sabini na saba, najua kila kitu, najua ni nani anayeita na anataka nini. Nikaitika.

Leo ni siku ya thelathini na saba. Nimeamka nikakuta soksi yangu ya kushoto, ile nyeupe ya sufu, ina duara la kutu kifundoni. Nimeifua mara tatu. Haitoki.